Sisi tulilala hotelini, ndovu walilala shambani

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, mazungumzo ya barazani kwetu huwa ni yale yale. Hoteli gani ya ufuoni imeshusha bei, nani anajuana na meneja, na wageni wa bara watashuka wangapi kwenye SGR mwaka huu. Safari hii nilichoka. Nikawaambia watu wa nyumbani kwamba bahari tunaiona kila siku, tutapanda mlima. Binti yangu aliye gredi ya sita akaniuliza, bila utani wowote, "Baba, kwani Pwani kuna mlima?"

Sikumcheka, maana hata sisi wazazi wake tunaishi kama hakuna. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina wanachama sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Watano wa kwanza tunawajua. Huyu wa sita tunamkumbuka kwa msimu. Tunamkumbuka tukihesabu kura za "sauti moja ya Wapwani", tukinunua kabeji na nyanya Kongowea, na mifereji ikikauka, hapo ndipo tunauliza Mzima kumetokea nini. Baada ya hapo tunamsahau mpaka msimu mwingine.

Basi tukaenda. Mimi, mke wangu, watoto watatu, na shemeji yangu na aila yake, ndani ya gari tuliyokodi pamoja na dereva wake. Tulipanga siku nne: milima ya Taita, usiku mmoja katika hoteli ya mbugani, maziwa ya Chala na Jipe, kisha Mzima na kurudi kupitia Mtito Andei. Nitaisimulia safari kidogo, kwa sababu ninataka msomaji wa Likoni na Malindi aitamani. Lakini nisingeiandikia makala kama ingekuwa ni mandhari tu.

Ukifika Voi unakata kushoto, unashika barabara ya Taveta, na Mwatate unaiacha ili upande Wundanyi. Joto linabaki chini. Barabara inajikunja juu ya makorongo, mashamba yamekatwa matuta mpaka ukingoni kabisa, na kila kona kuna mtoto anauza miwa au parachichi. Saa kumi jioni ukungu ulikuwa umeshashuka. Mke wangu alijifunga shuka juu ya buibui, na shemeji, ambaye Mombasa hulala chini ya feni mbili, aliomba blanketi la pili.

Kilele cha juu cha milima hiyo ni Vuria, mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Tulipanda asubuhi na mapema tukiongozwa na mwenyeji wetu, ndugu niliyesoma naye diploma miaka mingi iliyopita, sasa ni mwalimu huko kwao. Juu kuna milingoti ya mawasiliano. Ukungu ulipopasuka kidogo upande wa magharibi, tukaiona theluji ya Kilimanjaro kama kipande cha karatasi nyeupe kilichoning'inia hewani. Watoto walinyamaza, na watoto wangu si watu wa kunyamaza.

Mwalimu akatupeleka pia kwenye msitu wa Ngangao. Ni msitu mdogo, takriban hekta 120 tu, mojawapo ya vipande vilivyosalia vya msitu wa asili uliofunika milima hii zamani. Ndani yake na katika vipande kama Mbololo na Chawia wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mmoja wao wataalamu wanamtaja miongoni mwa walio karibu zaidi kutoweka. Mwingereza au Mjerumani huvuka bara zima akiwa na darubini shingoni kuja kumtafuta ndege huyo, na mimi niliyezaliwa mwendo wa saa nne kutoka hapo nilikuwa sijawahi kumsikia.

Siku ya pili tukashuka uwandani, tukaingia kwenye hoteli moja ndani ya hifadhi. Bei ya mkaazi wa Kenya ni nafuu ukilinganisha na ya mgeni, lakini si ndogo. Nililipa kwa usiku mmoja kitu kinachokaribia karo ya muhula ya mtoto wangu mmoja. Sijutii. Nilimwuliza mhudumu kuhusu nyama, akaniambia mchinjaji ni Mwislamu, akamwita hata nikaongea naye. Ni kijana wa Kwale. Tulikula kwa amani.

Usiku ndovu walikuja kunywa. Walitokea gizani bila kishindo, wekundu kwa udongo wa Tsavo, mama mbele na watoto katikati. Tulihesabu ishirini na saba kisha tukapotea hesabu. Alfajiri nilipoamka kuswali, wachache walikuwa bado wamesimama majini, na niliposoma nilikuwa nasikia pumzi zao. Wallahi, ni jambo ambalo ningependa kila Mwislamu wa Pwani alipate mara moja katika umri wake.

Saa moja na nusu asubuhi, tukiwa kwenye chai, simu ya mwalimu ikaingia. Usiku ule ule, kundi jingine la ndovu lilikuwa limeingia katika shamba la mama mkwe wake, huko bondeni, karibu na mpaka wa mbuga. Mahindi yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa wiki ile.

Hapakuwa mbali sana na njia yetu. Tukapita.

Nimeona mafuriko ya Tana na nimeona moto ukila nyumba za makuti Kisauni, lakini uharibifu wa ndovu ni wa aina yake. Hawali tu, hukanyaga. Kilichobaki kilikuwa kama uwanja uliopitiwa na tingatinga. Tangi la plastiki la maji lilikuwa limepasuliwa, maana ndovu hunusa maji. Mama mwenyewe, mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, alikuwa ameketi kwenye kigoda akiokota magunzi yenye punje. Tulimwamkia, tukampa pole. Akauliza tumetoka wapi. Mwalimu akamweleza kwamba sisi ni wageni wa kutoka Mombasa, tulilala hotelini tukiangalia wanyama.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umelipa pesa kumwona ndovu. Mimi huja mwenyewe, na hata karibu hajaisubiri."

Akacheka, sote tukacheka, kisha mwalimu akanivuta kando. Yule mama ni mjane. Mumewe aliuawa na ndovu miaka mitatu iliyopita, akirudi nyumbani magharibi. Faili la fidia liko ndani ya mfuko wa nailoni uliotundikwa ukutani ili panya wasilifikie: taarifa ya polisi, karatasi ya daktari, barua ya chifu, fomu zilizogongwa mihuri. Ameshakwenda ofisini mara nyingi hata makarani wanamjua kwa jina. Jibu ni lile lile, kwamba faili limeshapelekwa Nairobi.

Sasa hebu tuzungumze sheria, kwa sababu jambo hili haliko gizani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha ya sheria hiyo, aila yake italipwa shilingi milioni 5. Anayelemazwa kabisa ni milioni 3. Aliyejeruhiwa, mpaka milioni 2 kwa kadiri ya jeraha. Mazao na mifugo navyo vina fidia yake. Kila kaunti ina kamati ya kuyachunguza madai haya kabla hayajapelekwa juu. Kwenye karatasi, sheria hii ni ya huruma kuliko nyingi tulizo nazo.

Ugonjwa uko kwenye kulipa. Deni la fidia nchini limekuwa likitajwa Bungeni kwa mabilioni ya shilingi, na kila bajeti inatenga kidogo kuliko kinachodaiwa. Maana yake, foleni hurefuka kila mwaka, na aliye nyuma ya foleni ni mjane mwenye mfuko wa nailoni. Wakati huo huo aliyekuja na ndege kumpiga picha ndovu yule yule analipa langoni papo hapo, kwa simu au kwa kadi, kabla kizuizi hakijainuliwa. Hakuna anayemwambia mgeni aingie kwanza, tutamtafuta baada ya miaka mitatu. Serikali inayoweza kukusanya kwa dakika mbili haiwezi kuniambia kwamba tatizo la kulipa ni teknolojia.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo, aangalie ramani. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikagawanywa Mashariki na Magharibi kwa urahisi wa usimamizi. Asilimia 62 hivi ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga hizo mbili. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa baina ya ranchi, mashamba makubwa ya mkonge, miji na wakulima wadogo. Waliochora mipaka ile hawakuwauliza Wataita, Wataveta wala Wakamba. Waata, ambao walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde tangu enzi za mababu, waliamka siku moja wakakuta riziki yao imeitwa ujangili, na wengi wakafungwa jela katika miaka ya hamsini.

Na wanyama wameongezeka, jambo ambalo mimi nalishukuru. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, na kati yao 14,964 walikuwa katika eneo la Tsavo. Yaani katika kila ndovu kumi wa nchi hii, wanne hivi ni majirani wa yule mama. Mwaka 2022 ukame ulipokaza, Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini baina ya Februari na Oktoba. Wale ambao hawakufa walitafuta maji na majani mahali yalipo, na mara nyingi yalipo ni kwa watu. Ongeza reli ya SGR iliyoikata Tsavo tangu 2017, ikiwa na tuta refu na mapito yake machache ya chini. Ongeza nyua za umeme, ranchi zilizouzwa vipande vipande, na makaazi mapya kandokando ya barabara kuu. Ndovu ana njia yake kichwani aliyofunzwa na bibi yake, akikuta imezibwa hatafuti ofisi ya ardhi.

Madai ya viongozi wa Taita Taveta kwa miaka yote ya ugatuzi yamekuwa kwamba kaunti ipewe nusu ya mapato ya Tsavo. Ahadi hiyo imetolewa na wakubwa majukwaani zaidi ya mara moja, na kila mara hupigiwa makofi. Wanaoidai huitazama Narok. Kule Maasai Mara kiingilio hukusanywa na kaunti yenyewe, kwa sababu Mara kisheria ni hifadhi iliyo chini ya serikali ya kaunti. Tsavo ni mbuga ya kitaifa, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na fedha zake huenda kwenye mfuko wa taifa. Ndovu wa Mara na wa Tsavo ni wa Mungu mmoja, lakini stakabadhi zao zinakwenda njia tofauti.

Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili pia. KWS ina hoja ya haki. Mbuga zinazoingiza fedha za maana nchini ni chache, na hizo chache ndizo zinazozibeba nyingine ambazo hazina wageni lakini zina wanyama na misitu inayohitaji askari. Ukiinyima nusu ya Tsavo, ni nani atalipa askari wa mbuga isiyojulikana? Na hoja nyingine ambayo watu wa kaunti hawapendi kuisikia: tukishaipa kaunti nusu, yule mjane atapata nini? Tumeona kaunti zetu, ya kwangu ikiwemo, zikipokea mabilioni kila mwaka huku zahanati zikikosa dawa. Fedha ikihama kutoka ofisi ya Nairobi kwenda ofisi ya Mwatate haijafika shambani bado. Mwalimu alicheka nilipomwambia haya. "Ndugu yangu," akasema, "angalau ofisi ya Mwatate nafika kwa pikipiki."

Nafikiri ana haki. Lakini nisingeingiza fedha hizo kwenye kapu kubwa la kaunti zikachanganywa na posho za safari. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa, na haikusema yagawanywe baina ya serikali na serikali. Sehemu ya kwanza ya mapato ya lango ingekwenda moja kwa moja kulipa fidia zilizokwisha kupitishwa na kamati ya kaunti ile ile. Mnyama ametoka mbuga hii, lango la mbuga hii limlipe aliyeumizwa. Kila mwaka ibandikwe orodha kwa chifu, ionyeshe nani amelipwa na nani bado. Hilo halihitaji kongamano la siku tatu katika hoteli ya Diani.

Na watu wa huko hawajakaa kitako kusubiri, wasije wakadhaniwa ni wa kulalamika tu. Pale Sagalla wakulima wengine wamezungusha mashamba yao uzi wa mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, anaogopa nyuki. Mkulima anabaki na mahindi na asali juu yake. Si dawa ya kila shamba, maana ukame ukizidi nyuki nao huhama, lakini inafanya kazi. Kandokando ya barabara ya Taveta kuna hifadhi ya jamii ya LUMO, ambapo wenye ranchi tatu, Lualenyi, Mramba na Oza, waliunganisha ardhi yao ili wanyama wapite na wageni walipe kwao. Ukilala huko, sehemu ya fedha yako ina mwenyewe anayejulikana. Laiti ningelijua hili kabla ya kulipa kwingine. Wewe msomaji sasa unajua.

Siku ya tatu tulikwenda Chala na Jipe, nami nitayapita upesi, moja kwa furaha na jingine kwa huzuni. Chala ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno, rangi yake hubadilika kutoka kijani hadi buluu ukiwa umesimama papo hapo, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji. Usiogelee, kuna mamba. Jipe nalo ni pana na kina kifupi, milima ya Upare iko ng'ambo karibu kama vile unaweza kuigusa, na viboko wanaguna mchana kutwa. Lakini Jipe linaziba. Udongo unaoshushwa na mto Lumi kutoka miteremko ya Kilimanjaro na mashamba ya njiani hujaza ziwa, na matete yamelifunika hivi kwamba mvuvi hutumia muda mrefu kuisukuma mashua mpaka afike kwenye maji wazi. Kuna aina ya perege wa ziwa hilo, hata wataalamu wamempa jina la Jipe. Mvuvi aliyetuuzia samaki alituonyesha kwa kidole ufuo ulipokuwa alipokuwa mtoto. Ulikuwa nyuma yetu, mahali tulipoegesha gari. Ziwa hilo ni la nchi mbili, na mali ya wawili, kama tunavyojua wenye nyumba za urithi, kila mmoja husubiri mwenzake atengeneze paa.

Mzima tulifika siku ya nne. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu.

Mvua ikinyesha juu ya milima ya Chyulu haiachi mto, kwa sababu mawe ya volkeno yana matundu na huyanyonya maji yote. Yanasafiri chini ya ardhi kwa miaka, yakichujwa, mpaka yanatokea Mzima, kilomita kama hamsini kutoka yalikoingilia, yakiwa safi hata unamwona kiboko akitembea chini kama aliye nyuma ya kioo. Watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa natazama upande wa pili, bomba linakoanzia. Bomba lile linateremka mpaka Mombasa. Haliko peke yake, tuna Baricho, Marere na Tiwi, lakini ni miongoni mwa vyanzo vyetu vikuu tangu kabla sijazaliwa. Maji niliyotawadhia utotoni, kwa jumla ya siku zake, yalitoka pale.

Miji iliyo kandokando ya bomba, kama Voi, hupata fungu lake. Lakini yule mama wa bondeni hununua maji kwa mitungi ya lita ishirini, yakiletwa kwa punda au bodaboda, na tangi alilokuwa akikingia mvua ndilo lile lililopasuliwa. Viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai malipo kwa ajili ya maji ya Mzima, nasi Mombasa tumekuwa tukiwaona kama watu wenye choyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo, nikasema maji ni neema ya Mungu hayana mwenyewe. Nakiri niliandika nikiwa nimekaa karibu na mfereji. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba si muumini anayeshiba na jirani yake ana njaa. Kiu nayo ni hivyo hivyo, na jirani huyu ndiye anayelilinda bomba.

Mradi wa bomba la pili, Mzima II, umezungumzwa miaka mingi, na siku moja utajengwa, kwa sababu Mombasa inakua na Kwale inakua. Hapo ndipo Pwani ina nafasi ambayo haina kwenye mapato ya Tsavo. Fedha za lango ziko mikononi mwa Nairobi, tunaweza tu kuzidai. Bili ya maji ya Mombasa inatozwa hapa hapa, na sisi ndio tunaoilipa. Kabla hilo bomba la pili halijachimbiwa mtaro, magavana sita wa Jumuiya wakae wakubaliane kwamba kiasi kidogo katika kila bili ya maji ya mjini kirudi kwenye vijiji vinavyopakana na chanzo na njia ya bomba: visima, mabirika ya kukinga mvua, na mifereji ya kutolea maji kwenye bomba lenyewe. Najua bili zetu ni ghali, na najua kuna mitaa Mombasa inayolipia hewa. Mimi ningelipa. Na nikiwa gavana wa Mombasa ningefika Mwatate kusema hivyo kabla sijaenda kusema chochote kuhusu umoja wa Pwani.

Shemeji yangu, tukirudi, alikuwa na hoja nyingine, naye ni mtu wa biashara ya utalii. Alisema hoteli za ufuoni zinauza "bahari na mbuga" kwa Mzungu tangu zamani. Mgeni hulala Diani, hupelekwa Tsavo kwa gari usiku mmoja, anarudishwa. Chakula kinatoka pwani, dereva anatoka pwani, hata maji ya chupa yanatoka pwani, na Taita hupitwa kwa dirishani. Milima yake hakuna anayeipanda, Ngangao hakuna anayelala karibu nayo, na akina mama wa Wundanyi wenye vyumba safi vya wageni na kimanga cha kukutoa machozi hawamo katika kijitabu chochote cha wakala. Anasema atajaribu kuweka usiku mmoja Wundanyi katika safari anazouza. Tutamshika kwa neno lake.

Juzi mwalimu alinipigia. Kamati ya fidia ya kaunti inatarajiwa kukaa mwezi ujao, na ameambiwa karatasi ya daktari ilipotea katika faili la mkwewe, kwa hiyo wanahitaji nyingine. Ile ya kwenye mfuko wa nailoni ni nakala, na wino wake umefifia. Aliniuliza kama namjua mtu yeyote katika hospitali iliyoitoa, maana mwili ulipelekwa huko na daktari aliyetia saini ameshahamishiwa Mombasa. Nimempata daktari huyo, Alhamdulillahi, anafanya kazi si mbali na nyumbani kwangu. Jumatatu nitakwenda kumwona baada ya alasiri, na nimechukua nakala ile nimeitia kwenye bahasha ngumu isikunjike.